UZI: Pesa ya msanii huru inavujia wapi kabla haijamfikia? Strimu, mgao, fomu na lipa namba

#1 Kinubi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Karibu kila wiki anatokea mdau kuuliza Spotify inalipa shilingi ngapi kwa strimu moja, yaani wimbo kusikilizwa mtandaoni mara moja, na uzi unaishia kwenye ugomvi. Hakuna bei ya strimu moja iliyopangwa popote. Kuna chungu.

Fedha za usajili na za matangazo za nchi husika zinatiwa chunguni kila mwezi. Jukwaa linachota fungu lake, kwa Spotify ni kama theluthi. Zinazobaki wanagawana wenye haki, kila mmoja kwa kadiri strimu zake zilivyo ndani ya strimu zote. Ndiyo maana ngoma ileile ikisikilizwa Oslo inaleta zaidi kuliko ikisikilizwa Mbeya: chungu cha kule kimejazwa na usajili wa bei kubwa, cha huku kina usajili wa bei ndogo na wasikilizaji wengi wa bure. Zile dola 0.003 hadi 0.005 zinazozungushwa mitandaoni ni wastani tu. Usizipangie kodi ya nyumba.

Hesabu ya mfano. Asha na Juma kila mmoja analipa 10,000 kwa mwezi. Jukwaa linachukua asilimia 30, zinabaki 14,000. Asha anamsikiliza msanii mmoja tu wa taarab, mara 100. Juma anaacha simu iimbe kutwa kucha, strimu 900 za wasanii wengine. Jumla strimu 1,000, kila moja shilingi 14. Msanii wa Asha anapata 1,400. Zile 5,600 nyingine za Asha zimekwenda kwa watu ambao hajawahi hata kuwasikia. Kama fedha ya kila msikilizaji ingewafuata anaowasikiliza yeye tu, msanii yule angepata 7,000.

Lakini huo mfumo hatuubadilishi sisi humu leo. Uzi huu nimeuanzisha kwa ajili ya matundu tunayoweza kuyaziba: mgao usioandikwa, taarifa za wimbo zilizokosewa, fomu ya kodi isiyojazwa, haki ya utunzi isiyodaiwa. Wenye ujuzi tiririkeni.

#2 HesabuKali

Nakazia, na niongeze masharti mawili ya Spotify ambayo wengi wanayakuta kwenye ripoti wakadhani wameibiwa.

Strimu inahesabiwa ikifika sekunde 30. Intro ya sekunde 40 ya upepo na mawimbi ya bahari ni hasara, msikilizaji anaruka kabla sauti yako haijaingia.

Tangu 2024, wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita haulipwi kitu upande wa rekodi. Hesabu ni ya kila wimbo, si ya msanii. Mwenye nyimbo 20 zenye strimu 600 kila moja ana strimu 12,000 na malipo sifuri. Mwenye nyimbo 4 zenye 3,000 kila moja ana strimu zilezile na analipwa zote. Kwa msanii mdogo hii inabadilisha mpango wa kazi: toa chache, kila moja isukume miezi mitatu minne, usimwage albamu ya nyimbo 18 usiku mmoja.

#3 wa_Tandale

Huo mfumo wa fedha ya Asha kumfuata msanii wa Asha, kuna sehemu upo au ni ndoto tu?

#4 Fundi Santuri

Upo, ndugu. SoundCloud waliuanza Aprili 2021 kwa wasanii huru wanaochuma moja kwa moja kupitia kwao. Deezer walikuja na wao Ufaransa mwaka 2023 wakishirikiana na kampuni kubwa ya rekodi ya Universal, ila ule ni mfumo mwingine: msanii mwenye strimu 1,000 kwa mwezi kutoka kwa wasikilizaji wasiopungua 500 tofauti, strimu zake zinapewa uzito mara mbili. Chungu ni kilekile, wamebadilisha vijiko.

Hapa natofautiana kidogo na Kinubi. Mfumo wa Asha unamnufaisha mwenye wasikilizaji wachache walioshiba mapenzi: taarab, qaswida, singeli, zeze. Mwenye wasikilizaji laki wanaompitia mara moja moja kwenye orodha za watu wengine anaweza hata kushuka. Na hata ukigawa kwa haki namna gani, kama waliolipia nchini ni wachache, mnagawana kidogo kwa haki.

#5 Mama Midundo

Mimi nakwenda kwenye tundu kubwa kuliko yote, nalo linatobolewa studio, Spotify hata hawajaingia. Mgao.

Wimbo mmoja una mali mbili. Utunzi, yaani maneno na melodia. Na rekodi, ile masta. Wenyewe wanaweza kuwa watu tofauti, na fedha zake zinapita njia tofauti. Risiti ya studio ya 150,000 haisemi masta ni ya nani. Prodyuza anaamini ana nusu, msanii anaamini kamlipa kamaliza, aliyeimba kiitikio anaamini yeye ndiye wimbo. Ngoma ikikaa kimya hakuna neno. Ikipasuka, mnakutana kwa wakili.

Karatasi moja inatosha, ijazwe siku ya kurekodi kabla mtu hajavaa viatu:

– jina la wimbo, na majina mengine kama yapo, na tarehe
– jina la kitambulisho la kila mtu, jina la kisanii, namba ya simu
– asilimia za utunzi, jumla 100
– asilimia za rekodi, jumla 100 (hizi ni hesabu mbili, msizichanganye)
– nani anapandisha wimbo kwa msambazaji (anayeupeleka kwenye majukwaa), na akaunti ni ya nani
– gharama zipi zinarudishwa kwanza kabla ya kugawana
– sahihi za wote, na kila mtu apige picha nakala yake

Kipengele cha gharama kina ugomvi mwingi. Andikeni kiasi, msiandike "gharama zote". Mfano studio na miksi 350,000, mlipaji ni msanii. Wimbo ukiingiza 800,000, kwanza 350,000 zinarudi, zinazogawanywa ni 450,000. Prodyuza mwenye asilimia 20 ya rekodi anapata 90,000. Bila kiasi hicho kuandikwa, utashangaa mafuta ya gari na nguo za video zimeingia gharama miaka miwili baadaye.

Utunzi wa ngoma za biti mara nyingi unagawanywa nusu kwa biti na nusu kwa maneno na melodia, lakini hiyo si sheria, ni mazoea. Mkikubaliana 30 kwa 70 ni sawa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

#6 wa_Tandale

Mama, na kama prodyuza hataki asilimia, anataka pesa taslimu amalizane?

#7 Mama Midundo

Ni haki yake, mwanangu. Ila iandikwe kwamba amelipwa kiasi fulani, tarehe fulani, na hadai rekodi. Kisha mwandikeni kwenye taarifa za wimbo kama prodyuza hata kama hana asilimia. Jina halipunguzi senti, na ndilo linalomletea kazi nyingine. Kumnyima jina ni roho mbaya tu.

#8 Nyali254

Huku Kenya haki zimegawanywa mafungu, na wengi wanajiandikisha fungu moja wakasahau mengine. MCSK ni ya watunzi, KAMP ni ya wenye rekodi, PRISK ni ya waimbaji na wapigaji. Ukiandika, ukaimba na ukajilipia studio mwenyewe, unagusa zote tatu. Kabla ya kulipa ada yoyote, angalia KECOBO, bodi ya hakimiliki, inaonyesha nani ana leseni mwaka huo, maana leseni zimekuwa na mivutano.

La pili ni Skiza, ile miito ya Safaricom anayoisikia anayekupigia. Sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa 2022 inasema mapato ya miito yagawanywe hivi: msanii asipungue asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na yule wa kati anayeingiza wimbo kwenye mtambo 8.5. Ukipewa mkataba na wa kati, soma hiyo asilimia inahesabiwa juu ya mapato yote au juu ya yanayobaki baada ya makato yake. Maneno mawili matatu hapo yanakula nusu ya mwezi.

Na kwa wanaotuma kazi nje: PayPal ya Kenya inapokea na kutoa kwa M-Pesa tangu 2018. Ndugu zetu wa nchi nyingine, hakikisheni kwanza kama akaunti ya nchi yenu inapokea au ni ya kulipia tu, kabla hamjaiweka kwenye duka lolote.

#9 Kinubi

Ahsante Nyali. Kwa Tanzania Bara, COSOTA tangu mabadiliko ya 2022 ni ofisi ya msimamizi wa hakimiliki, na kukusanya na kugawa mirabaha ni kazi ya kampuni zinazopewa leseni. Zanzibar ina COSOZA yake, na sheria yake ya hakimiliki ni ya peke yake. Usidhani kusajili Dar kumemaliza Unguja.

Sasa msambazaji, yule anayepeleka wimbo kwenye majukwaa. Wapo wa aina tatu. Wa ada ya mwaka, mfano DistroKid: mirabaha yote yako, lakini usipolipa mwaka unaofuata nyimbo zinaweza kushushwa, labda uwe umelipia nyongeza ya kuuacha wimbo hewani. Wa malipo ya mara moja kwa kila kazi, mfano CD Baby: hakuna ada ya mwaka, ila wanakata asilimia 9 daima. Na wa mkataba wa asilimia 15 hadi 30 ambao wanaahidi kukutafutia nafasi. Hao wa tatu waulize swali moja tu: mkataba unaisha lini, na nikiondoka nyimbo naondoka nazo baada ya siku ngapi?

Msanii wa nyimbo mbili kwa mwaka asiye na uhakika wa kulipa dola kila Januari, ya mara moja inamfaa. Anayetoa kila mwezi, ya mwaka.

Yanayorudisha wimbo nyuma kila siku ni haya. Jalada liwe pikseli 3000 kwa 3000, lisiwe na namba ya simu, anwani ya mtandao wala nembo ya Instagram. Najua mabango yetu hayajakamilika bila namba ya WhatsApp ya meneja, lakini jalada si bango. Sauti iwe WAV, si MP3 iliyobadilishwa jina. Jina la msanii liandikwe vilevile kila mara, herufi kwa herufi, "Dogo K" na "Dogo.K" ni watu wawili kwa kompyuta. Kama kuna mwenye jina lako tayari, mpe msambazaji kiungo cha ukurasa wako halisi, la sivyo ngoma yako itaota kwenye ukurasa wa rapa wa Brazil na strimu zitaanza kuhesabika huko.

Na panga tarehe ya kutoka wiki tatu au nne mbele. Spotify for Artists, ukurasa wa msanii wa kusimamia kazi zake, inapokea ombi la kuwekwa kwenye orodha zao kwa wimbo ambao haujatoka tu, na ukipeleka angalau siku 7 kabla, wafuasi wako wanauona kwenye Release Radar, orodha yao ya nyimbo mpya. Ukipandisha Alhamisi utoke Ijumaa, hiyo nafasi umeitupa.

#10 HesabuKali

Fomu ya kodi. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo mirabaha inayotokana na wasikilizaji wa Marekani inakatwa asilimia 30. Hiyo huikwepi. Unayoikwepa ni adhabu ya kutojaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa mtu binafsi asiye wa huko. YouTube, kwa mfano, mtu binafsi asiyejaza anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato ya dunia nzima, Manzese na Malindi zikiwemo.

Tuseme unaingiza dola 200 kwa mwezi, 20 tu zimetoka Marekani. Umejaza fomu: unakatwa 6. Hujajaza: unaweza kukatwa 48. Fomu yenyewe ni dakika kumi. Jina liwe la kitambulisho, la kisanii halifai hapo, na lifanane na la akaunti ya benki. Fomu inaisha muda, ukipewa taarifa ya kuijaza tena usiipuuze.

Tundu la pili ni utunzi wa nje. Msambazaji anakuletea fedha ya rekodi tu. Strimu za Marekani zina mrabaha mwingine wa utunzi unaokusanywa na The MLC, iliyoanza kazi Januari 2021. Mwezi mmoja tu baadaye ilikabidhiwa na majukwaa zaidi ya dola milioni 424 ambazo hazikuwa zimepata wenyewe. Kujisajili ni bure na mtunzi wa nje anaruhusiwa, ila kama kuna chama au kampuni inayokudaia haki hiyo tayari, usijisajili mara mbili, mtagongana. SoundExchange nayo ni bure: inakusanya kwa redio za mtandaoni na za satelaiti za Marekani, asilimia 50 mwenye rekodi, 45 msanii mkuu, 5 wapigaji na waitikiaji.

#11 wa_Tandale

Wakuu naomba msaada hapa. Biti ilikodiwa mtandaoni dola 30, wimbo umepanda, sasa YouTube inasema video ni ya mtu mwingine. Na Content ID, ule mtambo wa YouTube wa kutambua sauti na kudai video, ilikuwa imewashwa kwa msambazaji.

#12 Fundi Santuri

Hapo kuna mambo mawili yamegongana.

Biti ya dola 30 ni ya kukodi, haijauzwa. Wamekodi watu hamsini. Wewe ukiwasha Content ID, mtambo unachukua alama ya sauti yako, na biti imo ndani, kisha unaanza kuwadai wale 49. Mmoja wao akiwahi kuwasha kabla yako, anakudai wewe. Wasambazaji wengi wanakataza Content ID kwa biti isiyo yako peke yako, na ukirudia wanaweza kufunga akaunti pamoja na pesa iliyomo.

Fanya hivi kwa mpangilio. Zima Content ID ya wimbo huo kwa msambazaji leo. Tafuta leseni uliyotumiwa siku ya kulipa, mara nyingi ni PDF kwenye barua pepe. Angalia kikomo cha strimu, kama kinaruhusu video ya kuchuma pesa, na kinaisha lini. Kisha pinga dai ndani ya YouTube ukichagua sababu ya leseni, taja jina la mwenye biti, tarehe na namba ya leseni. Mdai ana siku 30 za kujibu. Ukipinga ndani ya siku 5 za mwanzo, mapato ya tangu siku ya kwanza yanawekwa kando hadi kesi iishe. Ukichelewa yanawekwa kuanzia siku uliyopinga.

Na kuna dai jingine linalotisha watu bure: video yako mwenyewe kudaiwa na msambazaji wako mwenyewe. Huyo ni mtumishi wako, mwambie tu aiweke chaneli yako kwenye orodha ya zinazoruhusiwa.

#13 Bando Limeisha

Siti ya mbele kabisa hapa. Sisi wasikilizaji je? Mtu ana elfu tano ya mwezi na msanii mmoja anayempenda. Amsaidieje?

#14 Kinubi

Swali zuri, na hesabu yake haina huruma. Chukulia dola moja ni shilingi 2,500 na wastani ule wa dola 0.003. Elfu tano ni dola 2, yaani strimu 667. Ukimsikiliza mara mbili kila siku ya mwaka ndiyo unaifikia, hapo kabla hajagawana na mtu. Ukimtumia kwenye lipa namba, inafika sasa hivi.

Kwa hiyo msanii: chukua lipa namba ya biashara kwa jina lako la kisanii, iweke kwenye maelezo ya kila video na uichapishe kubwa mezani kwenye shoo. Namba binafsi ya simu inamfanya mtu asite akiona jina asilolijua. Na uza kitu: fulana, flashi ya nyimbo zote, wimbo ambao bado haujapanda.

Mwenye mashabiki nje, shabiki wa Muscat au Minneapolis ana kadi na hana lipa namba. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, inakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na 10 ya bidhaa, ukiongeza ada ya malipo msanii anabaki na kama asilimia 82. Albamu ya dola 5 inamwachia 4.10, sawa na strimu 1,367 hivi. Ijumaa chache kwa mwaka wanaacha fungu lao kabisa, utaratibu ulioanza Machi 2020 wakati wa korona. Singeli ya Dar imekuwa ikiuzwa kwa njia hiyo na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala tangu 2017, na wanunuzi wengi wa muziki wa aina hiyo hawajui hata Tandale iko upande gani.

Kama bando ndiyo shida, pakua wimbo ndani ya programu ukiwa kwenye WiFi. Ukiusikiliza bila intaneti unahesabiwa simu ikirudi mtandaoni. Kwa Spotify ni lazima urudi angalau mara moja kila siku 30. Ule wa kuingiziwa kwenye memori kadi kibandani hauhesabiwi popote.

#15 Bando Limeisha

Na kuuweka ujirudie usiku kucha simu ikiwa imezimwa sauti?

#16 HesabuKali

Usifanye, utamponza. Mtambo unaona akaunti moja, wimbo mmoja, saa nane mfululizo, unaziita strimu bandia. Strimu bandia hazilipwi, na Spotify inamtoza msambazaji faini kwa kila wimbo uliozidi nazo. Msambazaji anaishusha kwa msanii: wimbo unaondolewa, mapato yanazuiwa. Ndivyo wanavyoumia pia wanaolipa "promota" wa strimu 10,000 kwa dola 20. Ukitaka kumtambua promota huyo, tazama ramani ya wasikilizaji. Msanii wa Tanga akipata ghafla wasikilizaji 4,000 mji mmoja wa Ulaya, hakuna hata mmoja aliyemfuata, hao si watu. Ukiona hivyo na hukununua, mwandikie msambazaji kabla yeye hajakuandikia.

#17 wa_Tandale

La mwisho kwangu: nataka kuhama msambazaji. Strimu laki mbili zitapotea?

#18 Fundi Santuri

Hazipotei ukifuata mpangilio. Chukua ISRC, namba ya utambulisho wa rekodi, ya kila wimbo kwa msambazaji wa zamani, ni herufi na tarakimu 12. Pandisha kwa mpya ukitumia ISRC zilezile, jina lilelile, jalada lilelile, faili lilelile la sauti. Ukiongeza hata sekunde tatu za tagi ya DJ, ni rekodi nyingine na inataka ISRC nyingine. Subiri kazi mpya ionekane kwenye majukwaa na hesabu za strimu ziungane, siku kadhaa. Hapo ndipo unaishusha ya zamani. Content ID izime kwa wa zamani kwanza kabla ya kuiwasha kwa mpya, la sivyo watadaiana wao kwa wao juu ya wimbo wako. Na usifunge akaunti ya zamani siku hiyo: ripoti za majukwaa huchelewa miezi miwili mitatu, kuna fedha bado ziko njiani kuja huko.